Kiatu Kikae Wapi? Tezi na Omo Juu ya Theluji

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wale walioyakosa.)



Juma hili nimepokea barua kutoka mbali. Aliyeiandika ni kijana wa Tanga, mtoto wa mvuvi, ambaye siku hizi ni mpishi katika hoteli moja huko milimani Uswisi. Huu ni msimu wake wa tatu. Anasema wenzake wa jikoni wamemfundisha kuteleza juu ya theluji kwa zile mbao ndefu ziitwazo skii, na sasa mchezo umemwingia damuni. Kwa fedha alizojiwekea kidogo kidogo amenunua skii pana za kutelezea theluji laini, ile ambayo bado haijakanyagwa. Skii hizo hazijatobolewa tundu hata moja, na vifungio vya kushikia viatu viko kando ndani ya boksi.

Shida yake ni hii. Rafiki mmoja amemwambia avifunge vifungio mbele, karibu na katikati ya mbao, kwa kuwa ndivyo wafanyavyo vijana wanaorukaruka kwenye filamu. Rafiki wa pili amemwambia arudi nyuma kadiri awezavyo, asije akazama. Yeye ameazima keekee ya umeme, ana siku mbili za mapumziko, na ananiuliza: "Kaka, nitoboe wapi?"

Najua wapo watakaosema: sisi watu wa joto, theluji tunaiona kwa mbali tu juu ya Kilimanjaro, haya yanatuhusu nini? Nami nitawajibu kwamba yanatuhusu kwa kuwa vijana wetu wako huko, wengine kazini, wengine masomoni. Tena si jambo geni kabisa. Mwaka 1998, katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mjini Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za skii za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, kama dakika 20 nyuma ya mshindi. Lakini mshindi huyo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea pale mwishoni akamkumbatia, na picha ile ilizunguka dunia nzima. Skii za Boit zilikuwa za aina nyingine, nyembamba, zenye kushika vidole tu na kuacha kisigino huru ili mtu aweze kupiga hatua. Za kijana wetu zinashika mguu mzima, mbele na nyuma, kwa ajili ya kuteremka mlima.

Basi tuanze na theluji yenyewe. Theluji ikikanyagwa na mitambo huwa ngumu kama barabara, na skii hukaa juu yake na kukata kona kwa kingo zake za chuma. Lakini theluji iliyoanguka usiku, kwenye baridi kali, ni kitu kingine. Ni unga. Chukua ndoo kumi za theluji ya kawaida iliyoanguka sasa hivi, uziyeyushe, utapata kama ndoo moja tu ya maji. Ile kavu zaidi hutoa pungufu ya hapo. Kilichobaki chote ni hewa. Kisiwa cha Hokkaido huko Japani kinasifika kwa theluji ya namna hiyo: upepo wa baridi kutoka Siberia huvuka bahari, hubeba unyevu, kisha huumwaga milimani, na sehemu kama Niseko hupata zaidi ya mita 10 katika msimu mmoja. Juu ya unga kama huo mtu hasimami. Anaelea.

Na hapo, ndugu zangu, mtoto wa mvuvi hahitaji mwalimu wa Kizungu. Fikiri ngalawa. Mzigo ukikaa sawa, chombo hukaa sawa juu ya maji. Abiria mnene akienda kukaa omoni, omo huzama, chombo huanza kunywa maji, na nahodha humpigia kelele arudi nyuma. Wote wakijazana tezini, omo hunyanyuka juu, chombo huwa kizito kugeuza, na upepo hucheza nacho utakavyo. Skii katika theluji ya unga ni ngalawa, na buti lako ndilo shehena. Theluji inaisukuma skii juu kwa ubapa wake wote, toka ncha hadi mkia. Ukisimama mbele mno ya mahali pale ambapo nguvu hiyo ya kuinua inakutania, ncha inapiga mbizi. Skii inasimama ghafla, nawe unaendelea na safari kwa kichwa.

Zamani jambo hili halikuwa na mjadala mkubwa, maana skii zilikuwa nyembamba na zilifanana. Mojawapo ya njia za mafundi wa zamani ilikuwa kupima katikati ya mbao, kisha kuweka ncha ya kiatu palepale. Kama kiatu kina urefu wa milimita 310, maana yake kati ya kiatu ilikaa sentimita 15 na nusu nyuma ya kati ya mbao. Huko ni nyuma sana kwa hesabu za leo, na ndiyo sababu picha za zamani zinaonyesha watu wenye ncha ndefu mbele na mkia mfupi.

Mambo yalianza kugeuka mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Atomic ya Austria ilipotoa skii pana kwa ajili ya theluji laini. Wenye mazoea walizicheka, lakini wageni na wazee waliokuwa wakizama walizifurahia. Kisha akaja Shane McConkey, mtelezaji mashuhuri wa Marekani. Alisema wazi kwamba theluji ya unga inafanana zaidi na maji kuliko na theluji ngumu, kwa hiyo skii yake yapaswa kufanana na chombo cha majini. Alifika hadi kutelezea mlimani Alaska zile mbao za kutelezea majini zinazovutwa na motaboti. Mwaka 2002 kampuni ya Volant ilitoa skii aliyoibuni, iliyoitwa Spatula, yenye ncha na mkia vilivyopindwa juu kama tumbo la mashua. Leo karibu kila skii ya unga ina mpindo wa namna hiyo, walau upande wa mbele, na upana wa chini ya buti aghalabu ni milimita 105 hadi 120 na zaidi, ambapo zamani ulikuwa chini ya 70.

Sasa tupime. Usipime kwa kufuata mpindo wa mbao. Vuta tepu iliyonyooka kutoka mwisho wa mkia hadi mwisho wa ncha. Tuseme skii imeandikwa 184, lakini tepu inasoma sentimita 182. Nusu yake ni 91. Hiyo ndiyo kati halisi. Tafuta kistari ambacho kiwanda kimekichora juu ya skii au ubavuni mwake. Tuseme kutoka mkiani hadi kwenye kistari ni sentimita 81 na nusu. Basi kiwanda kinataka usimame sentimita 9 na nusu nyuma ya kati. Kisha shika buti. Ubavuni, karibu na soli, kuna alama ndogo inayoonyesha kati ya soli. Alama ya buti ndiyo inayowekwa juu ya kistari cha skii. Si vidole, si kisigino, bali alama na alama.

Kwa skii za unga zilizoundwa kuteremka kwa kutazama mbele tu, kistari hicho mara nyingi huwa kati ya sentimita 6 na 12 nyuma ya kati halisi. Skii za wale vijana wa filamu ni jambo jingine. Wao huruka, huzunguka hewani, na pengine hutua wakiwa wametazama nyuma. Wanahitaji mkia mrefu kama ncha, nao husimama karibu na kati kabisa, pengine kwenye sifuri, pengine sentimita 2 au 3 tu nyuma. Skii yao imepindwa juu pande zote mbili, kwa hiyo haizami upesi. Rafiki wa kwanza wa kijana wetu hakusema uongo. Alichosahau ni kuuliza ile skii imeundwa kwa kazi gani.

Mtu akisogea mbele ya kistari anapata nini? Anapata skii inayogeuka upesi, kama baiskeli fupi. Katikati ya miti hilo ni jambo jema. Lakini amepunguza ncha iliyo mbele yake, na siku ya unga mwingi ncha hiyo ndiyo inayomwokoa. Na akirudi nyuma ya kistari? Anapata ncha ndefu inayoelea bila kubembelezwa na mkia mfupi unaozama kidogo, hivyo chombo kinainua omo chenyewe. Hilo ni raha mlima ukiwa wazi na theluji ikiwa nzito. Lakini jioni inafika, na njia ya kurudi nyumbani ni ngumu, imekanyagwa na watu elfu. Pale ile ncha ndefu inakuwa kama ngazi mtu aliyoibeba sokoni: inachelewa kuingia kwenye kona na inagonga kila kitu.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni goti. Mtu aliyefungwa mbele mno, akiona ncha zinazama, hufanya nini? Hujilaza nyuma. Anaketi hewani kama aliye juu ya kigoda kisichokuwapo. Mapaja yanawaka moto, na baada ya saa moja nguvu zimekwisha. Mtu aliyeketi nyuma namna ile, akianguka, huanguka kwa nyuma huku skii zikimbeba, na kuanguka huko ndiko kunakokata kano za ndani ya goti. Vifungio viliundwa hasa kuuokoa mfupa wa mguu usivunjike. Goti linalosokotwa kwa nyuma haviliokoi kila mara.

Hapa naomba niseme habari yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana, stashahada yangu ya uandishi wa habari bado mpya mfukoni, nilipelekwa Ulaya kwa mafunzo ya miezi michache. Jumamosi moja wenzangu wakanichukua mlimani. Katika duka la kukodisha vifaa, kijana aliyenihudumia aliniuliza kitu kimoja tu: namba ya kiatu. Hakuniuliza uzito, hakuniuliza kama nimewahi kuteleza. Alinipa skii zilizokuwa zimerudishwa muda huohuo na mtu mwingine, akasogeza kisigino kidogo, akanipa karatasi nitie sahihi. Nikatia bila kusoma, maana sikutaka kuonekana mshamba mbele ya wenzangu.

Kifungio, ndugu wasikilizaji, kina namba. Namba hiyo huitwa DIN, kwa kufuata shirika la viwango la Ujerumani, na ndiyo inayoamua kifungio kifunguke kwa nguvu kiasi gani. Huchaguliwa kwa jedwali, kufuatana na uzito wako, urefu wako, umri wako, ustadi wako na urefu wa soli ya buti lako. Ikiwa ndogo mno, skii inakutoka mahali pabaya. Ikiwa kubwa mno, haikutoki kabisa. Yangu ilikuwa ya mtu mzito na hodari. Mimi nilikuwa mwembamba wa siku ya kwanza.

Sikuanguka mlima mkali. Nilianguka polepole, mahali tambarare ambapo watoto walikuwa wakicheza. Skii ya kulia iligeuka, mwili ukabaki, na kifungio kikakataa kuachia. Nilisikia "tak" ndani ya goti. Majuma sita nilitembea kwa magongo, na mafunzo niliyafuata nikiwa nimeketi kiti cha nyuma karibu na mlango. Hadi leo mvua ikikaribia goti hilo hunipa habari kabla ya idara ya hali ya hewa. Kosa lilikuwa la yule wa dukani, lakini nusu ya kosa ilikuwa ile sahihi yangu.

Na wala si wageni peke yao wanaopatwa. Huyo McConkey niliyemtaja alikuwa bingwa. Alifariki mwaka 2009 katika milima ya Dolomiti huko Italia, katika mchezo wake wa hatari wa kuruka jabali kwa skii na kumalizia kwa mwavuli. Alipokuwa hewani skii zilishindwa kumtoka kama alivyokusudia, na muda wa kuufungua mwavuli salama ukampita. Yale yalikuwa mambo yasiyo ya watu wa kawaida. Hata hivyo yanatukumbusha kwamba kifungio kina kazi mbili, kushika na kuachia, na ya pili ni kubwa kama ya kwanza.

Kwa hiyo, ewe mdogo wangu wa Uswisi, sikiliza sasa jibu la swali lako.

Kwanza, irudishe hiyo keekee kwa mwenyewe. Si kwamba huwezi kutoboa tundu. Baba yako ametoboa mbao nyingi kuliko mafundi wengi wa huko. Lakini ndani ya skii mna tabaka za mbao, nyuzi za kioo, na pengine bati la chuma. Upana wa tundu hupigwa chapa juu ya skii yenyewe, aghalabu milimita 3.6 au 4.1, na kina chake ni kama milimita 9 tu. Ukizidisha kidogo umetokea upande wa chini. Fundi ana kiolezo cha chuma kinachoshika skii na kuongoza keekee ili matundu yote yakae mstari mmoja. Yakipinda kwa milimita chache, kifungio hakiachii sawasawa. Yeye pia ataweka gundi tunduni, ili maji yasiingie na skrubu zisilegee, na ataangalia kwamba breki za kifungio zina upana wa kutosha kuipita skii yako, na kwamba soli ya buti lako ni ya aina inayokubaliwa na kifungio hicho.

Pili, tundu halifutiki. Ukikosea, utaziba na kutoboa tena, lakini tundu jipya lisikae karibu na la zamani. Mafundi hutaka nafasi ya walau kama sentimita moja, kwani mbao iliyojaa matundu hung'oka skrubu siku unayoihitaji. Ndiyo kusema, kusogea nusu sentimita baada ya kujuta mara nyingi haiwezekani.

Tatu, anza na kistari cha kiwanda. Waliounda skii hiyo wameijaribu wakiwa wamesimama hapo, na mpindo wake, upana wake na ulaini wake vyote vimepangwa kuzunguka mahali hapo. Ukiwa na sababu ya kweli, sogea sentimita moja, au mbili kwa wingi. Sababu ya kweli ni kama hii: unasimama wima bila kuegemea mbele na unateleza zaidi katikati ya miti, basi sogea moja mbele. Au wewe ni mzito, huegemea mbele kwa nguvu, na unapenda mlima wazi wenye theluji nyingi, basi sogea moja nyuma. "Nimeona kwenye filamu" si sababu.

Nne, ukibaki na shaka, waulize wenye maduka kuhusu vifungio vinavyokaa juu ya reli. Hivyo husogezwa mbele na nyuma bila kutoboa upya. Ni vizito kidogo, lakini unaweza kujaribu asubuhi mahali hapa na mchana mahali pale, mguu wenyewe ukaamua.

Tano, mwambie fundi uzito wako wa kweli na ustadi wako wa kweli. Wapo wanaojisifu mbele ya fundi. Sifa hizo hulipwa na goti. Na kabla ya kutia sahihi, soma.

La mwisho si la kifungio, lakini siwezi kulinyamazia. Theluji ya unga iko nje ya njia zilizotengenezwa, na huko kuna maporomoko ya theluji yanayofukia watu kila mwaka. Chini ya matawi ya misonobari kuna mashimo yaliyofichika, ambamo mtu hutumbukia kichwa chini akakosa pumzi. Usiende peke yako, usiende bila mtu anayeujua mlima ule, na usiende kabla ya kusoma taarifa ya maporomoko ya siku hiyo. Bahari umeijua tangu utotoni na bado huingii ndani bila kutazama upepo.

Wazee wa pwani wana msemo: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uende mbele, uende nyuma, mwishowe utarudi kati ya chombo, pale mzigo unapokaa salama. Rafiki yako mmoja anakuvuta omoni, mwingine anakuvuta tezini. Aliyeunda chombo amekwisha chora ngama iko wapi. Anzia hapo.

Nasubiri barua yako ya pili, nayo uiandike ukiwa na magoti yote mawili mazima. Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.